Naili kwa boti: mwongozo kamili wa kuona mambo ya kale ya Uganda, kutoka Jinja hadi Dufile

Wageni wengi wanaofika Jinja hupanda boti, hupelekwa kwenye kibao cha chanzo cha Naili, hupiga picha, na baada ya nusu saa wamerudi ufukweni wanauliza samaki wa kukaanga yuko wapi. Siwalaumu, samaki wa pale ni mzuri. Ila wamepita juu ya maporomoko yaliyozama bila kujua, wakaupa mgongo mnara wa ng'ambo, na daraja la zamani hata hawakuliuliza jina.

Shida ya Naili ya Uganda ni kwamba sehemu kubwa ya historia yake haijitangazi. Nyingine iko chini ya maji, nyingine ni tuta la udongo lililoota nyasi, nyingine ni kisa tu ambacho usipokisikia kabla hujaabiri, utaona mti na mchanga. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu boti, ndiyo, lakini zaidi unahusu kumwambia nahodha wapi azime injini na wewe utazame nini.

Kwanza: jua kwamba mto umekatika vipande

Kila mwaka nakutana na mtu anayetaka boti ya kumtoa Jinja hadi mpaka wa Sudan Kusini. Haipo. Kati ya Jinja na Ziwa Albert kuna mabwawa ya umeme ya Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma, na kuna maporomoko makali ambayo hakuna chombo kinachoyapita kikabaki kizima.

Wala si jambo jipya. Abiria wa zamani wa kwenda kaskazini alichukua treni ya Busoga, iliyojengwa mwaka 1912, kutoka Jinja hadi Namasagali. Hapo alipanda meli ya magurudumu iliyovuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, kisha gari hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, kisha meli nyingine hadi Pakwach na Nimule. Treni, meli, gari, meli. Wewe pia utafanya hivyohivyo, ila badala ya treni utakuwa na takisi ya abiria kumi na nne.

Panga safari katika vipande vitatu: Jinja (siku moja kamili, si nusu saa), Paraa, penye boti za kwenda maporomoko ya Murchison (siku mbili pamoja na kulala), na kipande cha Pakwach hadi ngome ya kale ya Dufile kwa wenye subira. Ukiwa na siku chache, fanya Jinja vizuri na uache vingine. Afadhali hivyo kuliko kukimbilia vyote ukarudi na uchovu na picha za viboko.

Pili: fanya kazi ya nyumbani kabla ya kutia mguu kwenye boti

Kazi yenyewe ndogo. Tafuta kwenye intaneti picha za Maporomoko ya Ripon zilizopigwa kabla ya mwaka 1954, na za Bujagali kabla ya mwishoni mwa 2011. Zihifadhi kwenye simu, maana mtandao wa katikati ya mto hauaminiki. Bila picha hizo, sehemu ya Jinja utaiona kwa jicho moja.

Tatu: boti na bei

Jinja, boti za chanzo hupatikana kwenye bustani za upande wa mashariki, ule wa mjini. Kuna kiingilio cha bustani, na boti hulipwa mbali. Swali la kwanza kumuuliza mwenye boti si bei, ni hili: "Bei hiyo ni ya boti nzima au ya kichwa?" Watu wamegombana sana kwa kutouliza hilo. La pili: "Ni muda gani?" La tatu, ambalo wengi hulisahau: "Tutashuka ng'ambo kwenye mnara wa Speke, au tutauona kwa mbali?" Ukishuka upande wa magharibi, ambao tayari ni Njeru, wilaya ya Buikwe, utadaiwa kiingilio kingine. Ni haki yao, ila ujue mapema.

Mweleze nahodha kwamba unataka saa moja na nusu na vituo vitatu, na kwamba kila kituo azime injini. Atakushangaa kidogo. Mwongozo wa boti hawezi kushindana na mngurumo, na wengi wao wana maneno mazuri wakipewa utulivu.

Jaketi la kujiokolea si la kukalia. Lifunge mpaka kifungo cha mwisho, hata kama mto umelala kama mkeka. Novemba 2018 boti ya starehe ilipinduka Ziwa Viktoria upande wa Mukono, wakafa watu zaidi ya 30. Ilikuwa imejaza kupita kiasi, na wengi hawakuwa wamevaa jaketi. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda mtumbwi wa bei ya chini ambao injini yake ilikufa katikati ya mkondo. Nahodha alipiga kasia moja, la pili hakuwa nalo, na tulikwenda kutia nanga kwenye magugu maji kama bata. Tangu siku hiyo natazama vitu vitatu kabla sijalipa: makasia mawili, jaketi kwa kila kichwa, na mafuta kwenye tangi.

Nne: Jinja, kituo kwa kituo

Toka asubuhi, saa mbili au saa tatu. Sababu ni jua: mnara wa Speke uko ukingo wa magharibi, na asubuhi mwanga unatoka mgongoni mwako na kuupiga usoni. Alasiri utapiga picha ya kivuli.

*Kituo cha kwanza, mdomo wa mto.* Hapa Nalubaale, ndilo jina la Waganda la Ziwa Viktoria, linamwaga maji, na mto unaanza kuitwa Kiyira. Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alisimama upande ule wa magharibi akaona maji yakidondoka juu ya miamba, akaamua kwamba chanzo cha Naili kimepatikana. Maporomoko akayapa jina la Ripon, aliyekuwa rais wa chama cha kijiografia cha London. Wavuvi wa Busoga waliokuwa wakitega samaki papo hapo hawakujua kwamba walikuwa wamepotea. Hata jina la mji lilikuwa tayari limelala majini: *jinja* ni jiwe, na miamba ile ndiyo iliyoupa mji jina lake.

Sasa toa simu. Picha ya zamani inaonyesha ukanda wa maji meupe ukikatwa na visiwa vidogo vya mawe. Tafuta mahali ambapo uso wa maji unajikunja na kukaza mwendo bila sababu inayoonekana. Ndipo hapo. Ripon ilizama bwawa la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, lilipomalizika, na Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua Aprili 1954. Winston Churchill alikuwa amepita mwaka 1907, akayatazama maporomoko na kuwaza mitambo ya umeme. Ilichukua karibu miaka hamsini wazo hilo kuwa zege. Hivyo unapokaa juu ya maji yale matulivu unakaa juu ya mnara mkubwa kuliko wote wa Jinja, ila hauonekani.

Mwongozo atakuonyesha mahali maji yanapobubujika kutoka chini na atakupa asilimia za maji ya chemchemi na maji ya ziwa. Furahia mapovu, asilimia ziache ndani ya boti. Atakuambia pia kwamba tone la maji hapa huchukua kama miezi mitatu kufika Bahari ya Kati. Hilo linasemwa na wengi na halina ubaya. Kibao na kijisiwa chake usivitegemee sana: maji yanapopanda, kama mwaka 2020 ziwa lilipovunja rekodi na kuingia kwenye hoteli za ufukweni, vitu vya pale huzama au huhamishwa.

*Kituo cha pili, ukingo wa mashariki, sanamu ya Gandhi.* Majivu ya Mahatma Gandhi yaligawanywa na kutawanywa kwenye mito kadhaa duniani, na mwaka 1948 sehemu yake ilimwagwa hapa. Sanamu ya kichwa na mabega ilizinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, I. K. Gujral. Wageni hupita wakidhani ni pambo la bustani. Kaa kidogo, kisha baadaye upite Barabara Kuu ya Jinja, uangalie majina ya Kihindi na miaka iliyochongwa juu ya mapaa ya maduka. Ndipo utaelewa kwa nini majivu yale yaliletwa huku.

*Kituo cha tatu, mnara wa Speke.* Ukishuka, panda ngazi taratibu, zina utelezi baada ya mvua. Mnara wenyewe ni nguzo ya kawaida tu. Thamani yake ni mahali ulipo: kutoka hapo unaona kile alichokiona, ukiondoa maporomoko. Simama, geukia ziwa, linganisha na picha. Hapo ndipo safari nzima ya Jinja inapojilipa.

Kabla ya kurudi, mwombe nahodha ateremke kidogo hadi uone daraja la reli. Ni la mwaka 1931, reli ilipofika Kampala hatimaye. Msipite mbele zaidi. Baada yake ni bwawa la Nalubaale, na mabwawa hayapigwi picha. Askari walio pale hawana mzaha, na maneno ya "mimi ni mtalii tu" hayasaidii simu iliyokwisha kuchukuliwa. Daraja jipya la kamba, lililofunguliwa Oktoba 2018, linaonekana vizuri kutoka mbali. Ukiwa juu yake usisimamishe gari.

Mchana nenda Bujagali, kilomita chache kaskazini ya mji, kwa boda boda. Siku hizi ni ziwa tulivu ambapo watu hupiga kasia. Chini yake yamelala maporomoko ambayo kwa Wasoga yalikuwa makao ya mzimu Budhagaali. Wazee husema aliyekuwa mrithi wa kweli wa mzimu huo alijulikana kwa kuvuka maji yale makali akiwa ameketi juu ya kipande cha nguo ya magome. Bwawa lilipojengwa, ilibidi yafanywe matambiko ya kuihamisha mizimu kabla maji hayajapanda. Ukikodi mtumbwi, muulize mpiga kasia yalikuwa wapi. Kijana wa miaka ishirini na tano na zaidi wa kijiji kile aliyaona kwa macho yake, na atakuonyesha kwa kidole bila kusita. Simulizi za namna hiyo huzipati kwenye kibao chochote.

Likibaki jua, pita kilima cha Mpumudde. Ni hapo Jinja alipofia Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro mwaka 1923, akiwa njiani kurudi nyumbani baada ya uhamisho wa zaidi ya miaka ishirini huko Shelisheli. Waingereza walimkamata Aprili 1899, pamoja na Kabaka Mwanga. Mweke akilini, utakutana naye tena kwenye kipande kinachofuata.

Wenye gari na siku ya ziada waende Namasagali, wilaya ya Kamuli, wakaone mabaki ya bandari pale treni ya Busoga ilipokutana na meli. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndiyo yaliyoimaliza, na majengo yakageuka shule. Si mahali pa watalii. Uliza ruhusa kwanza, kisha tembea hadi majini.

Tano: Paraa na maporomoko ya Murchison

Kutoka Kampala kupitia Masindi ni safari ya saa tano au sita. Lala karibu na mto, maana boti haingoji. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kwa bei ya chini sana kuliko wageni wa ng'ambo, basi beba kitambulisho au pasipoti. Bila hiyo utahesabiwa mgeni. Ulizia mapema kama geti linapokea fedha taslimu au la.

Boti huondoka asubuhi na tena mchana, kwenye saa nane. Chukua ya saa nane. Watu wa wanyama watakubishia, ila sisi tumekuja kwa maporomoko, nayo yanatazama magharibi: alasiri jua huyapiga usoni, na siku nzuri upinde wa mvua husimama juu ya povu. Ni kama kilomita 17 kupanda mto, saa tatu kwenda na kurudi. Kaa upande wa kushoto wakati wa kwenda kama unapenda viboko. Mimi hukaa mbele.

Paraa, kwa Kiluo, ni nyumbani kwa viboko, na jina halidanganyi. Lakini tazama pia historia. Samuel Baker na mkewe Florence walipanda mkondo huu kwa mtumbwi mwaka 1864 wakafika mahali Naili nzima inapojibana kwenye ufa wa mita saba hivi na kuanguka zaidi ya mita arobaini. Baker akayapa jina la Murchison, rais mwingine wa chama kilekile. Wakati wa Idi Amin yakaitwa Maporomoko ya Kabalega, jina la yule aliyefia Mpumudde, na Baker ndiye aliyepigana naye huko Masindi mwaka 1872. Baada ya Amin jina likarudi la mzungu. Mimi nikiwa na wageni hutumia yote mawili, nione nani atauliza.

Boti husimama mbali kidogo na maporomoko, kwenye jiwe lililo katikati ya mto, kwa sababu mkondo haukubali zaidi. Hapo tazama kushoto kwa maporomoko makuu. Kuna ya pili, mapana na mapole, na jina lake halihitaji mkalimani: Uhuru. Yalizaliwa kwenye mafuriko ya mwaka 1962, mwaka ambao Uganda ilijitawala. Sijui kama kuna nchi nyingine iliyopewa maporomoko kama zawadi ya sherehe.

Sasa hatua ambayo wengi huikosa: usirudi na boti. Omba ushushwe chini ya maporomoko, upande kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi hadi juu. Ni kama saa moja ya jasho, na ndiyo njia pekee ya kuyaona Murchison na Uhuru kwa pamoja kwa karibu. Mpangie dereva wako tangu asubuhi akusubiri juu, kwa sababu simu huko hazishiki vizuri. Vaa viatu vyenye meno. Nguo za buluu na nyeusi ziache hotelini, mbung'o huzipenda kuliko unavyozipenda wewe.

Kisa cha kumsimulia jirani yako njiani: Januari 1954 ndege ndogo iliyombeba Ernest Hemingway iligonga waya wa simu karibu na maporomoko haya ikaanguka. Akalala kichakani na mkewe na rubani, kesho yake boti ikapita ikawachukua hadi Butiaba. Huko wakapanda ndege nyingine, nayo ikawaka moto ikiruka. Akapona tena. Magazeti yalikuwa yamekwisha tangaza kifo chake.

Sita: vya kubeba na vya kuepuka

Maji ya kunywa, kofia yenye kamba, mfuko usiopitisha maji wa simu, noti ndogondogo. Usitumbukize miguu kwenye maji yaliyotulia kando ya matete: kichocho kipo Nalubaale na kipo mtoni. Ukiwa umeloa sana huko, mweleze daktari baada ya wiki kadhaa, atakupima. Dawa ya malaria na kadi ya homa ya manjano si za kujadili. Mamba wa Paraa hapaswi kuonyeshwa mkono ukining'inia.

Ukiweza kuchagua majira, Desemba hadi Februari au Juni hadi Agosti barabara za udongo hupitika kwa amani zaidi.

Saba: Pakwach, Wat Latong na Dufile

Hapa utalii wa kawaida unakwisha. Kutoka Paraa upande wa kaskazini unatokea geti la Tangi na kufika daraja la Pakwach. Karibu na hapo ndipo Waluo wanapasimulia Wat Latong, mahali ndugu wawili, Gipir na Labongo, walipoachana. Gipir alitupa mkuki wa Labongo kwa tembo, tembo akaondoka nao. Labongo akakataa mkuki mwingine wowote: alitaka uleule. Gipir akauhangaikia msituni mpaka akaupata. Siku nyingine mtoto wa Labongo akameza ushanga wa Gipir, na Gipir naye akataka uleule. Mtoto akapasuliwa. Ndugu wakachimbia shoka mtoni, mmoja akabaki mashariki, mwingine akavuka magharibi, na ndiyo maana Waacholi wako huku na Waaluri kule. Masimulizi hubadilika kidogo kutoka mzee hadi mzee. Tafuta mzee wa hapo akupeleke na akusimulie, umlipe vizuri. Kiswahili kitakufikisha mbali Pakwach, mji wa madereva na wavuvi.

Kisha Dufile, wilaya ya Moyo. Kwangu hiyo ndiyo safari. Bibi yangu alikuwa Mnubi wa Bombo, na Wanubi wa Uganda wengi wao ni uzao wa askari wa Emin Pasha, gavana Mjerumani aliyetawala huku kwa niaba ya Misri, wale ambao Lugard, afisa Mwingereza, aliwachukua mwaka 1891 akawaleta kusini. Lugha ya jeshi lililofuata ikawa Kiswahili, ndiyo maana nakiandika.

Fika Adjumani, nenda kwenye kivuko cha Laropi. Ni feri ya serikali, hubeba magari na watu. Ulizia saa za safari ya mwisho kabla hujavuka, si baada. Ukingo wa magharibi, mjini Laropi, tafuta mtumbwi wenye injini wa kukuteremsha na mto hadi Dufile, au boda boda kwa nchi kavu. Mtumbwi ni bora: ngome ilijengwa kwa ajili ya mto, ifikie kwa mto. Jitambulishe kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, uombe mtu wa kukuongoza. Mpaka uko karibu, na mgeni anayezurura na kamera pasipo taarifa huwatia watu wasiwasi.

Usitegemee kuta. Dufile ni matuta ya udongo na handaki lililozunguka eneo la ngome kwa pande tatu, upande wa nne ukiwa ni mto. Ilianzishwa wakati wa Gordon, Mwingereza aliyekuwa gavana kabla ya Emin, miaka ya 1870. Maporomoko ya Fola yaliyo mbele, kaskazini, hayapitiki, kwa hiyo meli za mvuke *Khedive* na *Nyanza* zililetwa vipande vipande kwa nchi kavu na kuundwa upya ili zitembee kutoka hapa hadi Ziwa Albert. Mwaka 1888 askari walioasi walimfungia Emin humuhumu ndani. Novemba mwaka uleule, jeshi la Mahdi, waasi wa Sudan, liliposhambulia, ni askari haohao waliobaki wakailinda ngome. Wanaakiolojia wamechimba hapo, na mwongozaji mzuri atakuonyesha yalipopita mashimo yao.

Tembea juu ya tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, ukihesabu hatua. Kisha teremka upande wa mto na utafute mahali ukingo ulipochongwa chini, penye mteremko laini ambao meli ingeweza kuegeshwa. Mimi nilikaa hapo mpaka mtu wa mtumbwi akaanza kupiga miluzi, kwa sababu feri ya Laropi ilikuwa na safari moja tu iliyobaki.